Siku 371 za Probox

Punda hubeba mimba mwaka mzima. Si miezi tisa kama ng'ombe au binadamu. Ni miezi kumi na miwili hivi, na akiamua kuongeza wiki mbili juu yake hakuna wa kumuuliza. Anazaa mmoja tu, na huyo mmoja hafai kufungwa mkokoteni mpaka afike miaka minne. Kwa hivyo mtu akisema leo kwamba anataka punda wa kazi, na anataka azaliwe kwake badala ya kumnunua, ajue anazungumzia pesa za miaka mitano ijayo. Ruiru, mahali ambapo ghorofa sita huota kati ya Pasaka na Krismasi, hiyo ni hesabu ya mwendawazimu. Mwendawazimu mwenyewe ni baba yangu. Mimi ni mlinzi wake wa usiku.

Nikiwaambia marafiki kwamba kwetu tunazalisha wanyama wa ukoo wa farasi, huwa nafurahia zile sekunde mbili kabla sijamalizia. Naona wanaanza kufikiria Karen, kofia pana, Jumapili kwenye uwanja wa mbio wa Ngong. Halafu nasema ni punda. Vicheko. Kuna mmoja aliniuliza kama tunauza kwa kilo.

Ngong nimewahi kwenda, nikasimama kwenye uzio nikiwaangalia farasi wakizungushwa kabla ya mbio. Wazuri, sitadanganya. Ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta ya nazi. Na kila mmoja ana karatasi: baba yake ni nani, mama ni nani, babu ni nani. Ukifuata upande wa akina baba, farasi wa mbio wa aina hiyo wote duniani wanaishia kwa madume watatu waliopelekwa Uingereza karne ya 17 na ya 18. Hata kupandisha kwa mbegu za chupa hawaruhusiwi, dume na jike lazima wakutane ana kwa ana. Punda wetu pia hukutana ana kwa ana, ila hakuna anayeandika. Ukimuuliza mtu wa Ruiru mama wa punda wake ni nani, atakujibu, "Alitoka soko." Lakini huyu asiye na karatasi ndiye wa nyumbani. Utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka wa 2022 katika jarida la Science ulionyesha kwamba punda walianza kufugwa upande huu wetu wa Afrika Mashariki, miaka 7,000 hivi iliyopita, ndipo wakasambaa duniani. Baba nilipomsomea hiyo alisema, "Sasa wewe ndio umejua."

Baba ni mtu wa maji. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 mjini Ruiru, ile ya 2019 ikahesabu 490,120. Watu waliongezeka maradufu, mabomba hayakuongezeka hivyo. Mashamba ya kahawa yakawa ploti, ploti zikawa ghorofa, na mfereji wa mtaani kwetu ukawa kitu cha kutoa hewa na kikohozi. Kinachokera ni kwamba Nairobi inakunywa kutoka mito yenye majina yetu. Kuna Bwawa la Ruiru, na kuna Bwawa la Thika kule Ndakaini lililokamilika mwaka wa 1994, na maji yanatupita hivi hivi kuelekea jijini. Sisi tunabebewa na punda kutoka kisimani, mtungi baada ya mtungi.

Punda wetu walikuwa wawili. Wa kwanza ni jike, kaka yangu alimpa jina Probox kwa sababu alibeba chochote ulichompakia na hakuwahi kudai sevisi. Wa pili, Subaru, alikuwa dume aliyehasiwa, mwenye kelele na mwenye kupenda kukimbia kwenye mteremko. Wakifungwa pamoja walivuta mitungi 20 ya lita 20. Hizo ni kilo 400 za maji, mkokoteni wenyewe hujauweka. Maji hayo ndiyo yaliyonilipia karo mpaka chuo.

Zamani hakuna mtu wa maji aliyewaza kuzalisha punda. Jike mwenye mimba ni hasara inayotembea. Miezi ya mwisho lazima apumzike, akizaa apumzike tena, halafu unamlisha mtoto miaka minne ukimtazama. Ukihitaji punda, unaenda soko la mifugo unarudi naye. Ndipo mwaka wa 2016 vichinjio vya punda vikaanza kufunguliwa kwa idhini ya serikali, mwishowe vikawa vinne, Baringo, Nakuru, Machakos na Turkana. Nyama haikuwa shabaha hasa. Ngozi ya punda huchemshwa ikatoa gundi inayoitwa ejiao, ambayo Uchina huitumia kama dawa na kipodozi, na punda wa huko wenyewe walikuwa wameshapungua vibaya. Shirika letu la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, lilihesabu kwamba kati ya Aprili 2016 na mwisho wa 2018 punda zaidi ya 300,000 walichinjwa, likaonya kwamba kwa mwendo huo Kenya ingeweza kubaki bila punda kufikia mwaka wa 2023. Ukikumbuka ile mimba ya mwaka mzima, unaona mara moja ni kwa nini. Februari 2020 serikali ikapiga marufuku, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaiondoa hiyo marufuku.

Baba si mtu wa kusoma ripoti. Yeye aliona bei sokoni, na aliona watu wanaanza kufunga punda kwa mnyororo na kufuli kama pikipiki. Akasema kama punda wanaisha sokoni, wetu atatoka tumboni. Tarehe 14 Februari 2023, siku ambayo mimi nilikuwa natumiwa picha za maua ya watu wengine, alimtembeza Probox hadi Juja kwa mzee mmoja mwenye dume. Wakakubaliana shilingi elfu moja. Jioni Baba aliandika tarehe nyuma ya kalenda ya ukutani kwa kalamu ya mbao. Mama akamwambia heri huyo punda, angalau ametolewa mtaani.

Septemba, Probox akiwa na mimba ya miezi saba, walituibia Subaru.

Hatukusikia kitu. Mnyororo ulikatwa, lango likarudishiwa vizuri kabisa, utafikiri ni wageni waliotoka kwa adabu. Kituoni tulipewa namba ya OB na hiyo namba tunayo mpaka leo. Saa mbili asubuhi kijana mmoja wa kukata majani alikuja kutuambia kuna punda kwenye kahawa, karibu na mto. Walikuwa wamechukua ngozi. Kila kitu kingine walikiacha.

Nilikuwa nafikiri uchungu wenyewe ungekuwa pesa. Kumbe ulikuwa bado uko zizini. Probox aligoma kula. Majani ya mahindi, hapana. Hei, hapana. Alisimama akiangalia lango, masikio mbele, na kila mkokoteni ukipita barabarani alilia ile sauti ya punda ambayo watu huicheka. Baba alimpigia daktari wa mifugo wa Thika ambaye tumemzoea, na nikaweka simu kwenye spika. Daktari alieleza polepole. Punda wawili waliozoeana ni kama mwili mmoja, mmoja akitoweka mwingine anaweza kukataa chakula. Na punda anayekataa chakula, hasa jike mwenye mimba, mwili wake hukimbilia mafuta yake wenyewe, mafuta yanajaa kwenye damu, ini linashindwa, unampoteza yeye na mtoto. "Punda mjamzito akigoma kula," alisema, "usinipigie siku ya tatu. Nipigie siku hiyo hiyo." Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Yule mwingine mmeshamzika?"

Bado. Vijana walikuwa ndio wanachimba.

"Basi mpelekeni akamwone. Asipomwona ataendelea kumtafuta."

Baba alimfunika Subaru kwa magunia, akaacha kichwa wazi. Akamshika Probox hatamu, akampitisha katikati ya kahawa. Vijana waliokuwa wanachimba waliweka majembe chini na hakuna aliyesema neno, na hawa ni watu wa Ruiru, watu ambao hucheka kila kitu. Probox alinusa kichwa. Akanusa magunia. Alisukuma kidogo kwa pua, vile alivyokuwa akimsukuma asubuhi Subaru akichelewa kuamka. Alisimama hapo karibu saa nzima na Baba akasimama naye, kofia mkononi. Halafu akageuka mwenyewe, akaanza kurudi nyumbani.

Siku hiyo hakula. Kesho yake alikula maganda ya ndizi, machache, kutoka mkononi mwangu. Daktari alikuja na boda, akampima, akamchoma sindano, akasema tumshukuru Mungu lakini tusianze sherehe.

Wiki iliyofuata tulikodi pikapu tukampeleka Gatuanyaga, ng'ambo ya Thika kwenye barabara ya Garissa, kwa Cucu. Huko kuna nafasi, na siku ikiwa wazi unauona Kilimambogo mzima. Pia kuna punda mzee wa Cucu, hana meno ya maana na hana kazi, lakini ni punda. Probox alihitaji mwenzake kuliko alivyohitaji majani. Baba akabaki Ruiru bila mnyama hata mmoja. Kwa miezi alivuta maji mwenyewe kwa mkokoteni wa mkono, mitungi minane kwa safari, mtu wa miaka 58. Sisi tulikuwa tunasema "punda amechoka" kila bei ya unga ikipanda, mzaha wa Wakenya wote. Nyumbani tuliacha kuusema.

Mimi kazi yangu ni ya intaneti. Nasikiliza sauti za mikutano ya watu wa Marekani na kuandika walichosema, kwa hivyo mchana wao wa kazi ni usiku wangu wa kukesha. Baba alipoanza kutafuta mtu wa kulala Gatuanyaga mwezi wa mwisho, macho yote yaligeuka kwangu. "Mama," aliniambia, maana nimepewa jina la mama yake na tangu nizaliwe huniita hivyo, "si wewe huwa hulali hata hivyo?"

Ndiyo nikahamia kwa Cucu na kompyuta, chaja, tochi na ndoo ya maji safi. Daktari alikuwa amenipa orodha. Kiwele kitajaa wiki mbili au zaidi kabla. Misuli karibu na mkia italegea. Karibu kabisa utaona kitu kama nta kwenye chuchu. Mara nyingi watazaa usiku, watu wakiwa wamelala, kwa hivyo usimzunguke sana, atazuia mpaka uondoke. "Ukiona kifuko cheupe kinatoka, tulia. Ukiona chekundu, usipige simu kwanza. Kata, ndio upige."

Tarehe 14 Februari 2024 mwaka ulitimia. Hakuna kitu. Tarehe 15, hakuna. Tarehe 16 nta ilionekana, nikakesha, ikaanguka. Kuna jambo hutokea kwa akili ukimkaribia punda kila dakika arobaini kwa usiku tano. Nilianza kusikia pumzi zake kwenye vipokea sauti, katikati ya mkutano wa watu wa bima. Kila mbwa akibweka nilishika panga, kwa sababu kukesha kwenyewe kulikuwa kwa aina mbili: nilikuwa nangoja anayekuja na namlinda asichukuliwe aliyepo. Cucu alikuwa anakuja saa tisa usiku na chai, anamulika tumbo, anasema kwa Kikuyu kitu kama "huyu mbunda ana kiburi," anarudi kulala.

Jumapili, tarehe 18, habari zilitoka Addis Ababa kwamba viongozi wa Umoja wa Afrika wameamua kusimamisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Nilimsomea Baba kwenye simu. Akanyamaza kidogo. "Na wale wenye koleo za kukata mnyororo," akauliza, "wameambiwa?"

Usiku wa kuamkia Jumanne, siku ya 371, saa nane na dakika ishirini, Probox alilala ubavu. Nilizima tochi nikabaki na mwanga wa skrini. Kifuko kilitoka. Cheupe. Sijawahi kuipenda rangi yoyote hivyo. Ndani yake ukwato mmoja, halafu wa pili umebaki nyuma kidogo, halafu pua imelala juu ya miguu, vile vile daktari alivyochora kwenye karatasi. Kuna kitu sikuwa nimeambiwa: mwanapunda huzaliwa na kwato zilizovikwa vitu laini vyeupe kama vidole vya mpira, ili asimchane mama ndani. Nilidhani ni ugonjwa. Nilimtumia daktari picha na yeye, saa nane na nusu usiku, akanijibu kwa kicheko.

Dakika ishirini na tano, alikuwa nje. Mweusi wa maji, masikio marefu kuliko mpango mzima wa mwili, na mgongoni mstari uliokatwa na mwingine mabegani. Cucu aliuona huo msalaba akaanza kusali hapo hapo, kwa maana kwake huyo ni jamaa wa aliyembeba Yesu kuingia Yerusalemu. Mtoto alijaribu kusimama. Akaanguka kifudifudi. Akajaribu tena, miguu minne kila mmoja na safari yake. Mara ya saba au ya nane alisimama, akatetemeka, akatuangalia kana kwamba sisi ndio tumechelewa. Nililia. Wacha niandike tu hivyo.

Lakini usiku haukuwa umeisha. Lazima anyonye ndani ya saa mbili au tatu hivi, maana punda haachiwi kinga na mama akiwa tumboni. Kinga yote iko kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito. Alitafuta chuchu kwenye goti, kwenye ukuta, kwenye gumboti langu. Akaipata saa kumi kasoro. Ndipo tukaanza kuhesabu kondo la nyuma. Likikaa zaidi ya saa tatu, alikuwa ametuambia, ni hatari, linaoza, sumu inaingia mwilini. Saa moja. Saa mbili. Cucu alitaka kulivuta, alivyofanya kwa ng'ombe miaka yake yote, na nikasimama kati yake na punda. Kumzuia bibi yako mwenye jina lako, kwenye zizi lake, si jambo dogo. Saa mbili na dakika hamsini lilianguka lenyewe. Nililitandaza chini kama nilivyoagizwa nione kama ni zima. Lina umbo la suruali. Halikupungukiwa kitu. Cucu alisema, "Sasa lala," na mimi nikakumbuka mkutano wa bima ulikuwa bado unanisubiri.

Kaka yangu ndiye aliyempa mtoto jina: Addis.

Kaka ana tuktuk stejini Ruiru na ana maoni. Siku ya kwanza alipokuja kumwona Addis alimkumbatia, akapiga naye picha, kisha akakaa chini na Baba akamwambia auze wote watatu, hata yule mzee. Visima vinachimbwa kila mtaa. Maboza ya maji yanaingia mpaka kwenye vichochoro. "Baba, punda ni kama kabambe. Bado inashika mtandao, lakini nani ananunua mpya?" Addis ataanza kazi mwaka wa 2028. Kwani huo mwaka Ruiru itakuwa inabebewa maji na punda?

Swali lake si la kijinga, na kila nikipita pale ambapo kahawa ya Subaru ilikuwa, naliona tena. Imeng'olewa. Kuna bango la ploti. Baba alimjibu kwamba tuktuk inakula mafuta kila asubuhi hata kama haijabeba mtu, na haijawahi kuzaa tuktuk. Kaka alicheka lakini hakubadilisha msimamo. Mimi nafikiri wote wawili wako sawa, ila wanazungumzia miaka tofauti. Mwenye mkopo wa tuktuk anahesabu wiki. Aliyevuta mitungi minane kwa mikono anajua siku boza lisipokuja watu humwita nani.

Na kuna huyu broka anayekuja Gatuanyaga na pikipiki. Hajawahi kutaja ngozi. Anasema ana mteja wa "punda wa shamba", anaangalia urefu wa mgongo kwa jicho, anataja bei ambayo ingelipa miezi mitatu ya maisha yetu. Tunamkataa kwa heshima, tunampa chai, halafu usiku huo hakuna anayelala. Chai yenyewe ni ya kumwangalia uso.

Addis sasa ameachishwa kunyonya, anatafuna nguo za Cucu kwenye kamba, na kazi yake kubwa ni kufungua kila mlango usio na komeo. Probox amerudi Ruiru kuvuta maji akiwa na mwenzake mpya, dume mpole tuliyemnunua kwa pesa za chama cha Mama. Wanalala ndani ya ua, karibu na dirisha langu, na mnyororo umepita kwenye ukuta mpaka chumbani. Ukiguswa, kikombe kinaanguka kwenye sakafu yangu. Kimeanguka mara tatu. Mara mbili ilikuwa ni Probox akijikuna.

Mwezi uliopita Baba alimtembeza tena hadi Juja. Yule mzee amepandisha bei, ni elfu moja na mia tano. Tarehe iko nyuma ya kalenda. Kaka aliiona alipokuja kula, akaguna, akauliza kama zizi la Gatuanyaga bado lina lile pengo upande wa mto. Nikamwambia lipo. Jumamosi anapeleka waya.